Sura ya Sita: Shari Isiyo na Mshindo

Jumatatu ya tarehe 20 Machi 1995, yapata saa 2 asubuhi, wakati ambapo treni za chini ya ardhi za mji wa Tokyo hujaa watu waendao kazini hata bega la huyu likasongamana na la yule, wanaume watano wa madhehebu ya Aum Shinrikyo, kila mmoja ndani ya treni yake, waliteremsha sakafuni mifuko ya plastiki iliyozungushiwa magazeti, wakaitoboa kwa ncha za miavuli zilizonolewa makusudi kwa kazi hiyo, kisha wakashuka na kwenda zao. Treni zile zilikuwa za njia tatu, Chiyoda, Marunouchi na Hibiya, na zote zilipita Kasumigaseki, mtaa wa wizara na idara kuu za serikali ya Japani. Hapakuwa na mlipuko, wala moto, wala mlio wa bunduki. Palikuwa na majimaji yaliyotambaa sakafuni, na harufu ambayo kila aliyeisikia aliieleza kwa namna yake, na abiria walioanza kukohoa, kupangusa macho, na kulalamika kwamba taa zimefifia ilhali taa zilikuwa zinawaka vilevile.

Nimeianza sura hii na kisa cha Tokyo kwa kuwa karibu kila jambo ambalo raia na tabibu wanapaswa kulijua kuhusu silaha za sumu lilidhihirika siku ile, na kwa kuwa kinafundisha jambo moja ambalo vitabu vya majeshi aghalabu hulipita upesi: ya kwamba sumu ya namna hii huwafikia watu kwa njia ya mazoea yao mema. Katika stesheni ya Kasumigaseki, naibu mkuu wa stesheni, Kazumasa Takahashi, alipoona behewa limemwagikiwa, alitenda lile ambalo mtumishi mwaminifu hutenda: alikitoa nje kile kifurushi na kuifuta sakafu, ili abiria wasafiri pasafi na treni isichelewe. Treni ikaondoka. Yeye akaanguka, akafariki dunia, na mwenzake wa kazi katika stesheni hiyohiyo akafariki pia. Katika stesheni ya Kodenmacho, abiria aliyeudhiwa na harufu alikipiga teke kifurushi kikatua jukwaani, na nani angemlaumu? Lakini dimbwi lilisalia ndani ya behewa na kifurushi kikawa nje, hivyo sumu iliyokuwa mahali pamoja sasa ikawa mahali pawili, na treni zilizofuata zikafungua milango yake mbele ya mvuke ule. Treni yenyewe iliendelea na safari mpaka Tsukiji, ambako watu walimiminika nje wakaanguka jukwaani. Usafi, uaminifu wa kazi, kuheshimu saa, ni tabia ambazo taifa lolote lingejivunia. Asubuhi ile ziliibeba sumu kutoka behewa hadi behewa na kutoka mkono hadi mkono, wala si kwa kosa la wale waliokuwa nazo, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa amewafunza kuzisoma dalili.

Sumu yenyewe ilikuwa sarini, iliyogunduliwa Ujerumani mwaka 1938 na wanakemia waliokuwa wakitafuta dawa ya kuulia wadudu waharibifu wa mazao. Na nasaba hiyo ya kutoka shambani ni ya kukumbukwa. Ikiwa safi haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua si mlinzi wa kutegemewa. Ile ya Tokyo ilitengenezwa kwa haraka ikatoka na taka nyingi, ndipo ikanuka. Taathira yake mwilini ni ya namna moja. Mishipa ya fahamu huziamrisha tezi na misuli kwa kumwaga kemikali ndogo sana, na amri ikishatimizwa, kimeng'enya maalumu huivunja kemikali ile ili msuli upumzike na tezi ikauke. Sarini hukifunga kimeng'enya hicho, basi amri ikawa haifutiki. Mboni za macho husinyaa zikawa kama tundu la sindano, hata mchana ukaonekana magharibi. Machozi, kamasi, mate na jasho humtoka mtu pasipo kiasi. Kifua hubana na kujaa majimaji. Tumbo humsokota, akatapika na kushindwa kujizuia. Misuli huchezacheza chini ya ngozi. Kisha huja degedege, na mwishowe misuli ya kupumulia huchoka na pumzi ikakatika. Akivuta mvuke mwingi, yote haya humpata mtu kwa muda wa dakika chache.

Katika dalili zote hizo, mimi naitukuza zaidi ile ya mboni, kwa kuwa haihitaji maabara. Mtu mwenye hofu hutetemeka, hupumua kwa haraka, moyo humdunda, naye huweza kuanguka akazimia. Na mahali penye msiba wa namna hii wenye hofu huwa wengi kuliko wenye sumu. Siku ile zaidi ya watu 5,000 walikwenda kutafuta matibabu, na wengi wao hawakuwa wameumia sana. Lakini hofu huzipanua mboni, na sarini huzifinya. Muuguzi anayemtazama mgonjwa ndani ya chumba chenye giza kidogo, akaona mboni zimebanwa pale ambapo zilistahili kufunguka, amekwisha kupata nusu ya jawabu, na nusu ya pili ataipata akiona mgonjwa amelowa: macho, pua, kinywa na ngozi.

Wasomaji waliokulia katika mashamba ya pamba, kahawa na mboga wamekwisha kuziona dalili hizi pasipo kuziita silaha. Dawa nyingi za kunyunyizia wadudu ni za ukoo uleule wa sarini, ingawa ukali wake ni mdogo zaidi, na tabibu wa hospitali ya wilaya huko Mwanza au Machakos anampokea mkulima aliyenyunyizia akiukabili upepo, au mtoto aliyekunywa chupani, naye humdunga atropini, tena na tena, mpaka kifua kikauke na pumzi ipite. Atropini hiyohiyo ndiyo iliyodungwa Tokyo. Ipo na dawa ya pili, iitwayo kwa ufupi PAM, ambayo hukifungua kimeng'enya kilichofungwa, maadamu haijachelewa. Kwa sarini nafasi hiyo ni ya saa chache tu. Nalieleza hili kwa makusudi, kwa maana nimewasikia watu wakisema kwamba elimu ya silaha za sumu ni ya mataifa makubwa na wenye vinyago vya mpira, wala haituhusu. Maarifa yake ya kwanza yamo tayari katika zahanati zetu, na kila muuguzi anayejua kumtibu mkulima aliyedhurika ameshapita darasa la mwanzo. Mila moja tu nataka iachwe: ile ya kumnywesha aliyedhurika maziwa. Maziwa hayaiondoi sumu iliyokwisha ingia kwa pumzi au kwa ngozi, na mtu ambaye koo lake limelegea huweza kupaliwa nayo akafa kwa hayo maziwa.

Basi afanye nini mtu aliyejikuta mahali ambapo watu watatu, wanne, wasiojuana, wameshikwa kwa pamoja na macho, kifua na kutapika, pasipo jeraha wala kisa kinachoeleweka? Kwanza aondoke, na awaite wengine waondoke, pasipo kusimama kuchunguza. Asiguse kifurushi, asizoe dimbwi, asifute. Aelekee upande ambao upepo unatoka, na kama anaweza, apande juu, kwa kuwa mvuke wa sarini ni mzito kuliko hewa, na hujikusanya mashimoni, mitaroni na katika vyumba vya chini. Akiwa yumo nyumbani na sumu iko nje, afunge milango na madirisha, azime feni na mashine ya hewa baridi, akae chumba cha juu akisubiri maelezo ya redio. Akisha fika penye hewa safi, avue nguo, zote, hata ikiwa ni mbele za watu. Najua ugumu wa neno hili kwetu. Mwanamke wa Pwani kuvuliwa buibui barabarani, au mzee kuachwa na shuka tu, ni jambo ambalo waokoaji wanapaswa kulifikiria mapema, wakaweka pazia na mavazi ya kubadili, kwa sababu heshima ya mtu isipolindwa atakataa kuvua, na nguo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya sumu na kuendelea kumpumulisha. Shati lisivuliwe kwa kupitishwa usoni. Likatwe kwa mkasi. Nguo zitiwe katika mfuko wa plastiki na mfuko ufungwe. Kisha maji mengi na sabuni, kuanzia nywele kushuka chini, bila kusugua kwa nguvu, kwa kuwa ngozi iliyochubuka hupitisha sumu. Na macho yaoshwe kwa maji matupu yanayotiririka, robo saa au karibu yake. Aliyekatikiwa na pumzi asipuliziwe kinywa kwa kinywa, maana mpulizaji huivuta sumu ileile.

Kuhusu mvuke mzito, sijui mfano unaohuzunisha kuliko wa Halabja, mji wa Wakurdi nchini Iraki, ulioshambuliwa kwa sumu na ndege za serikali ya nchi hiyo tarehe 16 Machi 1988, katika vita baina ya Iraki na Uajemi. Watu wa Halabja walikwisha kuzoea mabomu, na kwa bomu la kawaida busara ni kushuka katika chumba cha chini ya nyumba. Wengi walishuka. Wakasikia harufu, wengine wakisema ni ya matofaa, wengine ya vitunguu saumu, na kile kilichowahifadhi siku zote kikawa ndicho kinachowakusanyia sumu. Wanakadiriwa kuwa 5,000 waliokufa, wengi wao raia, wakiwamo kina mama na watoto wao mikononi. Miongoni mwa sumu za siku ile ilikuwamo gesi ya haradali, ile iliyotumika kwanza Ypres, Ubelgiji, mwaka 1917, ambayo hila yake ni kinyume cha ile ya sarini: haimwumizi mtu papo hapo. Hupita saa kadhaa ndipo macho yakavimba, ngozi ikainuka malengelenge, na koo likaungua, na kwa hiyo aliyemwagikiwa asiseme hana neno kwa kuwa haoni maumivu. Na avue na kuoga mara moja kama mwenzake anayelia.

Turudi Tokyo, mpaka hospitali ya St. Luke's, iliyo karibu na Tsukiji. Mgonjwa wa kwanza aliingia saa 2:28 asubuhi, akitembea kwa miguu yake. Mkurugenzi wa hospitali, Shigeaki Hinohara, aliyekuwa na umri wa miaka 83 na aliyekumbuka jinsi hospitali ilivyozidiwa na majeruhi wa mabomu ya mwaka 1945, alikuwa ameagiza jengo jipya litiwe mabomba ya oksijeni hata katika korido na kanisa lake, na kwa mashauri hayo, ambayo wengi waliyaona ni gharama ya bure, hospitali ile ilipokea wagonjwa 640 kwa siku moja. Namheshimu mzee yule kwa hadhari yake. Lakini hata huko mazoea mema yaligeuka hatari: wagonjwa waliingizwa na nguo zao, wakalazwa kanisani ambamo hewa haipiti vizuri, na mvuke uliotoka katika makoti yao ukawashika madaktari na wauguzi, hata zaidi ya 100 katika watumishi wa hospitali wakapatwa na dalili. Waokoaji wa magari ya wagonjwa nao, katika 1,364 waliotumwa, 135 walidhurika. Hakuna aliyekufa katika hao. Sumu kali zaidi ingewaacha wagonjwa bila tabibu.

Zaidi ya hayo, kwa muda wa saa mbili na zaidi madaktari walitibu wasichokijua. Taarifa ya kwanza ilisema ni mlipuko wa gesi. Ya pili ikataja kemikali nyingine kabisa. Na neno sarini walilipata karibu na saa 5, kutoka katika taarifa ya polisi iliyotangazwa kwenye televisheni. Aliyewasaidia mapema alikuwa tabibu wa mbali, Nobuo Yanagisawa wa Chuo Kikuu cha Shinshu, katika mji wa Matsumoto, ambaye akiitazama televisheni aliona watu wakifanana na wagonjwa aliowatibu mwenyewe miezi tisa nyuma, akaharakisha kuwapelekea wenzake wa Tokyo maelezo ya matibabu kwa faksi. PAM ilipoelekea kuisha, ilikusanywa Nagoya na katika miji iliyo njiani, ikapakiwa katika treni ya mwendo kasi na kufikishwa Tokyo. Watu waliokufa walikuwa 12 mwanzoni, na wengine wakafuata baada ya miaka ya mateso. Bila ya faksi ile na treni ile hesabu ingekuwa kubwa zaidi, na hilo silitii shaka.

Huko Matsumoto dalili zilikwisha kuonekana, lakini macho ya watu yalipelekwa kwingine. Usiku wa tarehe 27 Juni 1994 Yoshiyuki Kono aliona mbwa wake wana degedege uani, na mara mkewe naye akaanguka. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Watu saba walikufa katika mtaa ule, na siku chache baadaye sarini ikatajwa wazi. Lakini kwa kuwa nyumbani kwa Kono palikutwa kemikali, zikiwamo za kuulia wadudu, polisi walimshuku yeye, magazeti yakamhukumu kabla ya kadhi yeyote, na mwaka mzima karibu aliishi akinyooshewa kidole huku mkewe amelala asiyejitambua. Wenye makosa walikuwa ni watu walewale wa Aum Shinrikyo, nao walipata nafasi ya kuijaribu kazi yao mara ya pili. Baada ya tukio la Tokyo polisi na magazeti yalimwomba Kono radhi. Dhuluma aliyotendewa mtu mmoja iligharimu mji mwingine, maana mnyama anayekufa ghafla, ndege walioanguka, samaki wanaoelea, ni mashahidi wa kuhojiwa kwa utulivu kabla ya kutafutwa mtu wa kufungwa.

Silaha za vijidudu ni habari nyingine, kwa kuwa ndani yake hamna mahali pa tukio. Anayevuta mbegu za kimeta leo atakula chakula chake cha jioni, atalala, atakwenda kazini, na homa itamjia baada ya siku kadhaa, pengine baada ya wiki, akiwa mbali na wenzake waliovuta hewa ileile. Mwezi Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk nchini Urusi, vumbi la kimeta lilivuja kutoka katika kiwanda cha kijeshi. Watu wasiopungua 60 walikufa kwa majuma yaliyofuata, na serikali ikasema wamekula nyama ya mnyama mgonjwa, jambo lililoaminika kwa urahisi, kwa maana kimeta kweli ni maradhi ya mifugo, na wafugaji wetu wa Afrika Mashariki wanaujua mzoga wake unaovuja damu nyeusi isiyoganda. Wataalamu waliofika mwaka 1992, wakiongozwa na Matthew Meselson, waliwauliza jamaa wa marehemu jambo dogo: mchana wa siku ile ndugu yenu alikuwa wapi? Walipozitia alama katika ramani, zikajipanga katika ukanda mwembamba kutoka kiwandani kuelekea kusini, kwa kufuata upepo uliovuma siku moja, na mbele ya ukanda ule, katika vijiji, ndipo walipokuwa wamekufa kondoo. Nyama haifuati upepo.

Basi mlinzi wa mlango huu ni tabibu mmoja mbele ya mgonjwa mmoja. Tarehe 2 Oktoba 2001, huko Florida, Marekani, mhariri wa picha aitwaye Robert Stevens alifikishwa hospitali ana homa na amechanganyikiwa, na Daktari Larry Bush, akitazama kwa hadubini maji ya uti wa mgongo, akaona vijidudu vinene vilivyopangana kwa minyororo, akasema ni kimeta wakati ambapo kila sababu ya kawaida ilimwambia hapana. Mgonjwa alifariki siku tatu baadaye, lakini nchi ilikwisha kuzinduliwa. Hata hivyo si wote waliolindwa kwa usawa. Barua yenye unga wa kimeta ilipofunguliwa katika ofisi ya seneta, watumishi wa ofisi ile walipewa dawa mara moja, na hakuna aliyeugua. Wafanyakazi wa posta ya Brentwood, waliozipitisha bahasha mikononi mwao, waliachwa wakiendelea na kazi kwa kudhaniwa kwamba bahasha iliyofungwa haivujishi, na wawili wao wakafa. Jumla ya waliougua ilikuwa 22, na waliokufa 5. Siwezi kuisoma habari ya wale wawili pasipo uchungu, kwa kuwa walikuwa wa kwanza kuishika hatari na wa mwisho kukumbukwa.

Kwa hiyo ni haki ya mgonjwa kuulizwa, na ni wajibu wake kueleza: anafanya kazi gani, ameshika nini, amesafiri wapi, mifugo gani imekufa karibu naye, nani mwingine amelala na homa kama yake. Kimeta cha kifua hakimwambukizi jirani, lakini tauni ya mapafu huambukiza kwa kikohozi, na mwenye kikohozi cha damu na homa kali atengwe na afunikwe pua na kinywa kabla ya jina la maradhi kujulikana. Kope zinazoanguka, maono mawili, na kulegea kunakoshuka kutoka usoni kwenda mikononi pasipo homa, ni sumu ya botulini. Vipele vinavyoanza usoni na viganjani vikapevuka vyote kwa pamoja vingekuwa ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na kesi moja tu leo ni jambo la dunia nzima. Tabibu akishuku lolote katika hayo, na apeleke taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo, bila ya kungojea jibu la maabara, na aliyevuta kimeta aanzishiwe siprofloksasini au doksisaiklini akiwa bado mzima, ameze kwa siku 60 asiache hata akijiona hana homa, maana mbegu za kimeta huweza kukaa kifuani majuma mengi kabla ya kuamka.